Jukwaa la Behewa Moja

Siku ile mjinga alikuwa Ogutu. Tuliseme mapema, msomaji asije akapoteza muda kumtafuta mwingine. Wapo watakaomsingizia gadi wa treni, na wapo watakaosema Verdiane angemshika mkono akamvuta. Hapana. Mjinga alikuwa Maxwell Ogutu, mtoto wa Nyakach kule Kenya, muuguzi mwenye leseni na shati lililopigwa pasi mara mbili, na ukimuuliza leo hakatai. Hucheka kwanza, kisha hukubali.

Alikuwa anampenda Verdiane. Hilo halikuwa siri hata kwa wazee wa ile nyumba ya kulelea wazee kule Guildford, Sydney, walikofanya kazi wote wawili, maana Ogutu alikuwa na tabia ya kupima presha ya mtu mmoja tena na tena ikiwa Verdiane yuko chumba hicho anatandika kitanda. Bibi mmoja wa Kilebanoni akamwambia siku moja, "Mpime yule. Mimi presha yangu ni nzima, ni yako ndiyo inapanda." Verdiane akacheka mpaka akaketi juu ya kitanda alichokwisha kukitandika. Kicheko kile ndicho kilichommaliza Ogutu. Tangu siku hiyo alikuwa akikitafuta kama mtu anayetafuta funguo, hata wakati ambapo funguo ziko mfukoni.

Sasa mwaka wa pili wa mapenzi yao ulikuwa unakatika na kilichobaki kilikuwa neno la mama. Verdiane alikuwa Mrundi, amezaliwa kambini Kigoma, akaletwa Merrylands, Sydney hiyo hiyo, akiwa na umri wa kuanza shule. Baba yake alikwisha kufariki. Mjomba Vénérand, aliyekuwa Brisbane, alishatoa hukumu yake kwa simu: Mrundi aolewe na Mrundi, na Mkenya ni mtu wa maneno, maneno yakiisha hubaki na nini? Lakini mjomba alikuwa mbali. Sauti yenye uzito pale nyumbani ilikuwa ya mama yake Verdiane, ambaye watu wote walimwita Mama Arnaud kwa jina la mwanawe wa kwanza.

Na Mama Arnaud hakuwa amesema ndiyo wala hapana. Kiswahili chake alikiokota kambini na hakuwahi kukirudisha, na kwa Kiswahili hicho alisema hivi tu: "Mimi mtu simjui akiwa kwenye kochi yangu. Kwenye kochi kila mtu ni malaika. Nimuone safarini." Mwanamke aliyevuka mpaka kwa miguu, mtoto mmoja mgongoni na wengine wakimshika nguo, hana haja ya kueleza kwa nini anaiamini safari kuliko kochi.

Ndipo Ogutu akapata wazo la Wondabyne.

Wondabyne ni stesheni ndogo kaskazini mwa Sydney, na Ogutu alikuwa akiipita kila alipopangiwa shifti kule Gosford. Haina mfanyakazi hata mmoja. Haina dirisha la tiketi, haina duka, haina barabara ya gari. Mto uko upande mmoja, msitu upande wa pili, na kila upande wa reli pana jukwaa fupi ajabu, urefu wa behewa moja. Anayetaka kushuka hupanda behewa la mwisho na kumwambia gadi mapema. Anayetaka kupanda husimama akapunga mkono, dereva amwone. Usipopunga, treni inakupita kana kwamba hukuzaliwa.

"Ni pahali patulivu," Ogutu alimwambia Verdiane. "Tunakula pale, mama anaona mto, mimi nasema neno langu. Hakuna jirani, hakuna watu wa kanisa, hakuna mjomba kwa simu."

"Hata mtandao haupo?"

"Unakuja ukijisikia."

"Basi kweli mjomba hatakuwepo," Verdiane akasema, na kicheko kikatoka kidogo.

Jumamosi wakaondoka. Mama Arnaud alikuwa amepika maharagwe na ndizi, isombe, yaani kisamvu cha kwao, na dagaa wa kukaanga, vyote vimo ndani ya kikapu kilichofunikwa kitambaa. Ogutu alikipokea kwa mikono miwili, uso chini, akarudi kinyumenyume mpaka akagonga kisanduku cha barua cha jirani. Mama Arnaud akamtazama binti yake. Verdiane akatazama viatu vyake mwenyewe.

Huo ndio uliokuwa mwenendo wa kijana tangu mwanzo. Alipofika kwa kina Verdiane mara ya kwanza hakutoa mkono. Aliinamisha kichwa akabaki karibu na mlango kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme. Akirudi tena, akiwekewa chakula, husema ameshiba. Na mara ya mwisho alipoletewa maji aliomba kuyanywa nje kibarazani, kwenye baridi ya Julai, akitetemeka na kutabasamu kwa wakati mmoja. Mama Arnaud alikuwa akirudisha chakula jikoni, anakifunika, anazima taa.

Walipobadilisha treni Strathfield, Ogutu alifanya kila kitu kama mwana wa watu. Akamtafutia mama kiti cha dirishani katika behewa la mwisho. Akamwambia gadi kwamba kuna watu wa Wondabyne. Kisha akachukua kikapu, akafungua mlango wa kati, akaenda kukaa peke yake katika behewa la mbele yake.

Verdiane akamfuata mpaka mlangoni.

"Unaenda wapi?"

"Niko hapa tu."

"Viti viko huku, Max. Vingi. Angalia."

"Huku ndiko kuna nafasi ya kikapu."

"Kikapu kinakaa magotini."

"Rudi ukae na mama, mpenzi. Mimi nawaona kutoka hapa."

Verdiane alimtazama. Ana macho ambayo hayana haraka, yanamkalia mtu usoni mpaka aseme ukweli hata kama hakuulizwa. Siku nyingine yoyote Ogutu angekwisha. Alitamani kumgusa shavu, amwambie asubiri, leo jioni atajua alichaguliwa na mwanamume mwenye adabu za kwao. Verdiane akarudi kwa mama yake, na skafu yake ya manjano ikabaki ikionekana kwenye kioo cha mlango njia nzima, mpaka mto ulipojitokeza.

Treni ikapunguza mwendo. Ogutu akasimama mbele ya mlango wa behewa lake, kikapu mkononi, akabonyeza kitufe. Hakikuwaka. Akabonyeza tena. Akachungulia nje akaona jiwe, kichaka, na jiwe jingine. Jukwaa lilikuwa limeishia nyuma yake. Maneno ya behewa la mwisho yalikuwa na maana ya behewa la mwisho, si la jirani yake.

Akakimbilia mlango wa kati. Kikapu kikakwama kwa upana. Akakigeuza, kikakwama kwa urefu. Alipofanikiwa kuingia behewa la mwisho, milango ilikuwa imefungwa na treni imeondoka, na kwenye kioo akawaona wote wawili wamesimama pale peke yao, nyuma yao msitu. Mama Arnaud alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Verdiane alikuwa ameinua mkono nusu, kama mtu asiyejua kama anaita au anaaga. Macho yao yakakutana kwa muda mfupi, kisha kona ikawafuta.

Gadi akatoka kwenye chumba chake, akamuuliza kama yuko sawa.

Ogutu akamweleza kwamba hayuko sawa, amemwacha mama mkwe wake porini na chakula chake anacho yeye.

Gadi akafikiri. Akasema stesheni inayofuata ni Woy Woy. Hakuwa na ushauri mwingine, na kwa kweli haukuwepo.

Pale Woy Woy, Ogutu alikaa kwenye benchi, kikapu juu ya mapaja, akingoja treni ya kurudi. Harufu ya maharagwe ilipanda kupitia kitambaa. Hakugusa. Alipiga simu, haikuingia. Mwishowe ujumbe wa Verdiane ukapenya: "Mama anauliza kama umetutoroka au ndivyo mnavyofanya kwenu." Baada ya muda mrefu ukaja mwingine: "Tunarudi na treni ya kwanza. Usije nyumbani."

Akausoma huo wa pili mpaka herufi zikaacha kuwa na maana. Kisha treni ikafika, akapanda behewa la mwisho kabisa, akamwambia gadi Wondabyne, akamwambia tena, na gadi akamjibu kwamba amesikia.

Treni ilipokaribia, Verdiane alikuwa ameshavukia upande wa treni za kurudi, anapunga mkono. Hakuwa akimpungia yeye. Mlango ukafunguka na wakawa uso kwa uso.

"Pisha. Tunapanda."

"Verdi, nisikize kwanza."

"Nitakusikiliza kwenye simu. Pisha mlango."

Ogutu akashuka. Verdiane akaweka mguu ndani ya treni, akanyoosha mkono nyuma kumvuta mama yake. Mama Arnaud hakuupokea. Alikuwa anatazama chini, kwenye mkono wa Ogutu.

"Hiyo si kikapu yangu?"

"Ndiyo, mama," Ogutu akalijibu jukwaa.

"Chakula iko ndani?"

"Iko yote. Sijagusa."

"Basi mimi sipandi. Tangu asubuhi sijala, na Merrylands haihami."

"Maman, please," Verdiane akasema. "Treni nyingine ni baada ya saa nzima."

"Mimi nilingoja kwenda Australia miaka kumi na moja. Saa moja itaniua?"

Gadi akauliza kama wanapanda au hawapandi. Verdiane akasimama vile, mguu mmoja ndani na mmoja nje, akamtazama mama yake, akamtazama Ogutu, kisha akautoa ule wa ndani. Treni ikaenda zake.

Mama Arnaud akachukua kikapu, akaketi kwenye benchi, akafungua, akaanza kula bila kumkaribisha mtu. Ogutu akaondoka kwa heshima mpaka mwisho wa jukwaa. Mwisho wenyewe haukuwa mbali. Ukikohoa upande huu, aliye upande ule anakwambia pole. Akageuza uso akaelekea msituni, mgongo kwa mama, kama mtoto aliyeadhibiwa. Verdiane akamfuata pale.

"Sasa sema ukweli," akasema, sauti chini. "Unatuonea aibu."

"Mimi?"

"Unajificha nini hapa? Mama yuko pale, wewe unaongea na miti. Kwenye treni unakaa mbali kama hatujuani. Nyumbani hutoi mkono. Huli. Unajua ukishaondoka mama huwa anasema nini?"

"Sijui."

"Anasema, huyu kijana ananusa kambi."

Ogutu akageuka. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alisahau mgongo wake ulikuwa upande gani.

"Verdi, hapana."

"Anasema umeona sisi ni wakimbizi, sahani zetu unaziogopa. Na mimi kila mara namwambia, hapana maman, Max hayuko hivyo, ana aibu tu. Nimekutetea kwake, nimekutetea kwa mjomba. Nimechoka, Max. Na leo umetushusha porini ukaenda na chakula."

"Sikuenda. Nilipelekwa."

"Usinichekeshe. Sitaki kucheka."

"Sichekeshi." Akapangusa uso kwa kiganja. "Sikiza. Kwetu mama mkwe ni mtu mkubwa. Humshiki mkono hivi hivi. Huli mbele yake ukitafuna kama mbuzi. Humkalii kando. Baba yangu mdogo siku moja alikutana na mama mkwe wake njiani, njia ni nyembamba, akaingia kwa mahindi ya watu akalala huko mpaka apite. Alitoka amekatwakatwa na majani. Kijiji kizima kilimsifu. Wakasema, huyu anamheshimu mke wake kweli."

Verdiane akamkodolea macho.

"Kwa hiyo kule kibarazani, na baridi ile..."

"Nilikuwa namheshimu mama."

"Na kusema umeshiba."

"Verdi, nilikuwa natoka kwenu naenda kununua kebabu pale Merrylands nakula nimesimama. Nilidhani mama anaona vile nimelelewa. Nilidhani anashangaa."

"Alikuwa anashangaa kweli." Midomo yake ikataka kuinuka, akaizuia. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nani huambiwa adabu? Nilijua dunia yote inajua."

"Dunia yote ni Nyakach?"

Ogutu akakwangua jukwaa kwa ncha ya kiatu.

"Na leo je?" Verdiane akaendelea. "Kwenye treni?"

"Viti vya hii treni vinaangaliana. Mama yuko mbele yangu safari nzima. Macho ningeyaweka wapi?"

"Dirishani, Max. Kama watu wengine. Ndiyo maana liko."

Upepo wa mtoni ukaichukua skafu ya Verdiane ukampiga nayo Ogutu kifuani, na hakuna kati yao aliyeirudisha. Ogutu alikuwa karibu naye kiasi cha kusikia harufu ya mafuta ya nywele anayopaka siku za mapumziko tu. Mikono yake ilitaka kumshika. Mama alikuwa pale pale, benchini. Mikono ikabaki ilipokuwa.

"Leo ndiyo ilikuwa siku," Verdiane akasema polepole. "Aliniambia jana. Akirudi leo atatoa neno."

"Najua. Ndiyo maana nikavaa hili shati."

"Basi neno amelitoa. Pale kwenye benchi, wakati wewe unazunguka na maharagwe yake." Macho yake yakajaa, akayageuzia mtoni. "Amesema hapana. Na mimi siwezi kuolewa kinyume na mama yangu. Alinibeba mpaka hapa. Siwezi."

Ogutu akasimama kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba. Kwa muda akawa hana mzaha wowote, na wale wanaomjua watakwambia hiyo si hali yake.

"Nitamweleza," akasema mwishowe.

"Utamwelezaje mtu usiyeweza kumsogelea?"

"Nitamweleza nikiwa hapa." Akakohoa, akauelekea msitu tena, akapaza sauti. "Mama, samahani. Kule kwetu..."

"Nimesikia," Mama Arnaud akasema.

Wote wawili wakageuka.

"Stesheni yenyewe hii, nani hatasikia? Nyinyi mnafikiri mnanong'ona." Akachukua dagaa mmoja, akamtafuna taratibu. "Kumbe chakula yangu hukuikataa."

"Hapana, mama. Woy Woy nimekaa na hiyo harufu nusura nilie."

"Na mkono hukunipa kwa sababu..."

"Mkono wa mama mkwe haushikwi ovyo."

"Aha." Akatafakari. "Sisi kambini tulilala watu tisa kwenye hema moja. Mkwe hapa, mama mkwe pale, katikati kitenge. Hiyo heshima yenu ya mahindi tungeiweka wapi? Yetu ilikuwa kumwachia mwenzako nafasi anyooshe mguu."

"Ni vizuri pia, mama," Ogutu akasema, bado akitazama miti.

"Basi njoo. Nimekuachia nafasi."

Ogutu hakusogea. Verdiane akamsukuma bega.

"Max. Amekuita."

"Nimesikia ameniita. Siwezi kukaa hapo."

"Seriously? Baada ya yote haya?"

"Verdi, mimi nimezaliwa mahali. Baba akisikia nimekaa benchi moja na mama mkwe, tena nakula naye bakuli moja, ataniuliza kama nilikulia sokoni. Nitasimama hapa. Nitamjibu kila kitu. Mama asidhani namdharau, lakini nitasimama hapa."

"Maman, mwambie basi."

"Mimi nimwambie nini? Ni mila yake."

"Anakuita kwa upole na unakataa," Verdiane akamwambia Ogutu, na sasa sauti haikuwa chini tena. "Unajua anavyoona? Anaona umekataa tena. Umeshaeleza, tumeelewa, na umekataa tena. Hata mimi nikiwa upande wako sioni tena niko upande gani."

"Nafanya hivi kwa sababu yako. Mtu asiyemheshimu mama mkwe, mke atamheshimu?"

"Mke gani? Neno si limeshatoka?"

"Neno linaweza kurudi."

"Litarudi vipi na wewe umempa mgongo aliyelitoa?"

"Nimempa mgongo kwa sababu ni mama mkwe," Ogutu akasema, na hapo alishikilia kama mtu aliyeshikilia mti kwenye mafuriko. "Mama mkwe ni mama mkwe. Haibadiliki kwa sababu tuko Australia, haibadiliki kwa sababu jukwaa ni fupi."

Mama Arnaud akaweka bakuli chini. Akapangusa vidole kimoja kimoja kwa kitambaa, akakunja kitambaa, akamtazama yule kijana mgongoni.

"Mama mkwe wa nani?" akasema. "Mimi nimekupa binti lini? Hapa mimi ni mama wa watu tu, nangoja treni. Geuka, uje ukae, unitazame machoni uniombe. Siku nitakayosema ndiyo, ndipo ukimbilie mahindi."